Mchezaji wa Sita

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwangu Queensburgh, hapa Durban, nakaanga vitunguu vya pilau, na mdogo wangu wa kiume ameketi mezani na simu yake. Huyu mdogo wangu ana ugonjwa mmoja tu: mpira wa kikapu wa vyuo vya Amerika. Tena si vile vyuo vikubwa ambavyo kila mtu anavijua. Yeye anapenda vya katikati, visivyo na fedha nyingi wala jina kubwa, ambavyo kila mwaka humwomba Mungu wachezaji wao wasiumie. Siku hiyo alikuwa akinisomea makala ya kutabiri msimu wa timu moja ya wanawake.

"Sikiliza, Dada. Wanasema mwaka huu benchi iko nzito. Kila nafasi iko na watu wawili. Hata nyota wao akiumia, timu haianguki."

Nikamwambia sharp, yaani sawa, nikaendelea kukoroga. Ndipo akanigeuzia simu nione picha ya kocha msaidizi: mwanamke amesimama kando ya uwanja, mkono mmoja ameuinua juu kabisa, vidole vimetanuka.

Mwiko ulinidondoka. Mafuta yakanirukia mguuni na sikuhisi kitu.

"Dada, iko nini?"

Mkono ule niliujua. Miaka zaidi ya ishirini niliamini sitauona tena.

Wakati huo tulikuwa tukiishi mtaa wa Bluff, ghorofa ya pili, baba akifanya kazi kiwandani Jacobs. Upepo ukigeuka, harufu ya viwanda ilipanda mpaka kwenye nguo mama alizoanika, naye alizianua na kuzifua upya huku akinung'unika. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa jirani yetu Mkongo. Mama yule alipika pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuungwa na mawese, na alipoanza kutwanga sakafu yetu ilitetemeka. Binti yake alikuwa rika langu na mrefu kupita kiasi. Shuleni walimwita Robot. Durban robot ni taa za barabarani, na yeye akisimama chini ya kikapu na kuinua mkono, kila mtu alisimama.

Kwao nilikula kuliko kwetu. Jirani alikuwa akinipigia kelele kutoka mlangoni, "Kuya kula! Iko chakula mingi!" na mama yangu akijifanya hasikii, kwa sababu alijua jioni binti wa jirani naye angekuja kumaliza chapati zetu.

Timu yetu ya wasichana ilikuwa na wachezaji sita. Watano walicheza. Wa sita nilikuwa mimi, na kilemba changu na suruali ndefu chini ya kaptula, nikishika chupa za maji. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyetufundisha, mama wa Kizulu mwenye sauti ndogo na vidole vyeupe kwa chaki. Kabla ya msimu alituweka darasani akaandika majina yetu ubaoni, matano juu, moja chini. "Tutashinda mechi nyingi," alisema, "ilimradi hakuna anayeugua, hakuna anayefiwa, na hakuna anayechelewa kuamka." Kisha akaligonga jina langu kwa chaki. "Na huyu lazima ajue kukimbia."

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwezi wa mwisho kabla ya mechi ya kwanza, sikucheka tena. Kila jioni baada ya mazoezi mwalimu alinibakiza mimi na Robot. Alinisimamisha chini ya kikapu, akamwambia rafiki yangu anisukume. Naye alinisukuma kweli, kwa bega, kwa nyonga, mpaka nikaanguka kwenye saruji. "Simama," aliniambia, bila kutabasamu. "Simama tena." Nilirudi nyumbani na magoti yamechubuka, mama akiyaosha kwa maji ya chumvi na kuniuliza kama yule bado ni rafiki yangu. Nikasema sijui.

Jumamosi ya mechi nilivuka korido kumgongea Robot, kama kila siku. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na makochi, wala pazia, wala kile kinu kikubwa. Msimamizi wa jengo alikuwa akifagia.

"Wako wapi?"

"Wameondoka, jana usiku. Amerika. Vyombo waliviuza."

"Watarudi lini?"

Alisimamisha fagio, akanitazama. "Eish, mtoto wangu," alisema. "Hawarudi."

Niliingia ndani. Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na doa la moshi wa jiko lao, nikaweka kiganja changu juu yake, sijui kwa nini. Jana yake jioni tu alikuwa kwetu, tumekula chapati pamoja.

Shuleni wenzangu walipopata habari walilia. Mmoja alitaka mechi ifutwe. Mwalimu hakulia wala hakushtuka. Alifungua mkoba, akatoa jezi ya Robot, ya mchezaji wa katikati, iliyopunguzwa urefu, mshono wake mpya. Ilikuwa ya kimo changu.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa. Mama yake aliniomba nisimwambie mtu. Safari za wakimbizi zinaweza kufutwa siku ya mwisho, kwa neno moja tu la mtu."

"Mimi si mtu! Mimi ni rafiki yake!"

Alininyooshea ile jezi. Niliichukua bila kumtazama. Tulicheza watano bila hata mmoja benchini. Robo ya mwisho mwenzetu alitolewa kwa faulo nyingi, tukamaliza wanne, tukapigwa vibaya. Lakini sikuanguka. Msimu mzima sikukosa hata mechi moja, na baadhi tulishinda. Na msimu mzima sikumsalimia mwalimu. Mwaka uliofuata baba alibadilisha kazi, tukahamia huku Queensburgh, nikaondoka shuleni pale bila kumuaga.

Jumapili ile, baada ya mdogo wangu kuzima jiko, nilimwandikia yule kocha kupitia ukurasa wa chuo. Nilitaja Bluff na pondu, basi. Kesho yake alfajiri ulifika ujumbe wa sauti.

"Ndugu, ni weye? Ni weye kweli?" Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha mlango uliotazamana na wetu. "Mama alikataza. Mi sikukuwa na ruhusa ya kuaga mtu. Mwalimu aliniambia, basi mfundishe akae mahali pako. Nikakusukuma. Kila siku nikakusukuma, nikienda kulala nalia. Ile ndiyo ilikuwa kwaheri yangu."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Ujumbe ulikuwa unaendelea. Mwalimu, alisema, hakuacha kumwandikia barua, kila mwaka, mpaka mwaka juzi alipofariki. Kila barua ilikuwa na swali moja: umesikia lolote kuhusu rafiki yako?

Nilikuwa Queensburgh. Muda wote huo nilikuwa hapahapa, mwendo wa nusu saa kutoka shule ile.

Bluff ile imekwenda. Jirani, kinu, wale wachezaji sita, kila mmoja na upande wake, na hilo nilishalizoea. Lakini tangu asubuhi ile najaribu kumkumbuka mwalimu katika msimu wetu, na sipati. Naviona vidole vyake vyenye chaki vikininyooshea jezi, mechi baada ya mechi. Uso wake siuoni. Uso wake wa mwaka ule haumo kichwani mwangu, kwa sababu sikuutazama hata mara moja.