Deki Mpya Haikuruka Mto

Mtaani walimwita Mama Pasi, maana kutwa nzima alisimama sebuleni kwake akinyoosha nguo za watu, hadi miguu ikavimba na viatu vikagoma kuingia. Siku hiyo mezani palikuwa na lundo la mashati ya wafanyakazi wa benki, yanatakiwa saa kumi juu ya alama, na deki ya kuchezea filamu ikaamua kukata kauli asubuhi hiyohiyo.

Mwingine angesema, deki tu hiyo, ife salama. Lakini ndiyo iliyomkalisha mama mkwe wake kitini. Kumbukumbu zilikuwa zimemponyoka bibi wa watu, na kila siku aliangalia filamu ileile moja kama ndiyo kwanza imetoka. Bila filamu, alitoka yeye. Wiki iliyopita umeme ulikatika nusu saa tu. Walimkuta kituo cha mafuta na kiatu kimoja, anauliza kama mwanawe amepita na lori. Mwanawe huyo, mume wa Mama Pasi, alikuwa dereva wa safari ndefu, na nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi, tena akiwa amelala.

Diski yenyewe ilikuwa na mkwaruzo. Kijana wa kwenye filamu alipofika ukingoni mwa mto ili avuke arudi kwao, deki ilikoroma, picha ikaganda, kisha ikaruka hadi watoto wanacheza uani. Pengo hilo Bibi alilijaza mwenyewe. Kila siku kijana alifika, ila akiwa na sababu mpya ya kuchelewa. Jana ilikuwa pancha. Juzi alipitia dukani kumnunulia mama yake viatu.

Basi Mama Pasi akaenda kwa fundi, deki kwapani, mama mkwe mkononi.

Fundi alifungua, akapuliza vumbi likamrudia usoni. "Jicho la kusomea diski limechoka, mama. Niweke jingine, au chukua hii mpya upumzike."

"Ipi itadumu?"

"Mpya. Hii nikiitengeneza leo, wiki ijayo utarudi hapa umenuna."

"Ijaribu kwanza na diski yetu."

Deki mpya haikukoroma. Kijana aliingia mtoni, maji yakampanda kifuani, yakampanda shingoni, yakamfunika. Ukingoni mwanamke alipiga kelele.

Bibi akasimama. "Huyo siye! Mwanangu yuko wapi?" Akaushika mlango.

Mama Pasi akamdaka mkono. "Zima, fundi! Nataka iruke hapo, kama ile ya zamani."

"Iruke? Wenzako wananililia hapa deki zao zisiruke!"

"Basi nitengenezee ya zamani."

"Jicho jipya ni jicho jipya, mama. Hata nikilitia humo, litasoma mto wote."

Miaka yote Mama Pasi alikuwa akinyoosha nguo huku ameipa runinga mgongo, na yeye pia alijua kijana anafika. Nani angemwambia kwamba alizama?

"Hii mpya rimoti yake inasimamisha picha?"

"Inasimamisha. Inarusha mbele pia."

"Nifungie hiyo."

Nyumbani lundo halikuwa limepungua hata shati moja. Akanyoosha kola huku jicho likiwa kwenye runinga, na kijana alipofika ukingoni, akasimamisha pasi wima, akabonyeza. Picha ikaganda.

"Enhe, mama, ikawaje?"

Bibi alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mvivu. "Kwani huangalii? Kavuka. Ila maji yalikuwa ya baridi, ndiyo maana anatetemeka. Mama yake anamkausha."

Zamani Mama Pasi angeitikia "ehee" huku akigeuza mkono wa shati, na deki ingejisogeza yenyewe. Sasa ilibidi asikilize mpaka mwisho ndipo ajue wakati wa kurusha mbele. Na Bibi leo hakuwa na haraka na mtu. Kulikuwa na taulo la kutafuta. Kulikuwa na nguo kavu, ambazo hazikumtosha kwa kuwa amenenepa huko alikotoka. Saa nane ikapita. Mashati kumi na manne yalikuwa bado, na mgongo ulimwaka.

"Keshakauka, mama?" akauliza, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Bado. Ana nywele nyingi huyo."