Majembe Nyuma ya Nyumba

Juzi nilimkuta mama ananoa jembe. Jirani yetu ameanza matibabu ya saratani ya titi, na akina mama wa jumuiya walikuwa wanajiandaa kwenda kumlimia. Nikakumbuka alasiri moja hapahapa Izia, nikiwa darasa la pili.

Mama alikuwa ametoka Mbeya kwenye matibabu hayohayo, nywele zote zimepukutika, amelala ndani. Wanawake wakaja na majembe, wakapita nyuma ya nyumba kimya kimya. Kumbe hawakutaka kumwamsha. Harufu ya udongo mbichi ikanifikia. Nilipochungulia, walikuwa wanafukia majani na kurundika udongo juu yake. Majembe mengi namna ile nilikuwa nimeyaona siku moja tu, tulipomzika babu.

Nikasimama mlangoni, nikatanua mikono. "Mama hajafa," nikawaambia huku nalia. "Bado anapumua."

Mama akatoka, kichwa wazi. "Ni matuta ya maharage, mwanangu." Akacheka mpaka akashika ukuta. Vigelegele vikapigwa shamba zima.

Siku hizi kichwa chake kimejaa mvi. Juzi hiyo, alipomaliza kunoa, akajaribu makali ya jembe kwa kidole.

"Pale kwa jirani kuna mtoto," akasema. "Katangulie ukamwambie tunakuja kulima."