Jipu la Kifuani mwa Mwadhini Shekhan

Bi Kadija wa Siyu alikuwa hali chakula tena katika chumba kimoja na mumewe. Si kwa ugomvi, ni ule uvundo. Shekhan akikohoa, nyumba nzima inanuka kama panya amefia darini. Na bakuli la makohozi, usaha wa kijani na damu, ni yeye Kadija wa kulimwaga.

Shekhan alikuwa mwadhini, na tambuu, yale majani ya kutafuna na popoo na chokaa, haikumtoka mdomoni. Alilala nayo shavuni, meno yameoza mpaka ufizini. Mchana mmoja alishtuka usingizini amepaliwa na kipande cha popoo, akakohoa wee, akanyamaza. Wiki mbili baadaye, homa, jasho, mbavu zinachoma, pumzi inanuka. Na dawa yake ya kunuka? Tambuu zaidi, na karafuu juu. Mtu mzima, akili za mbuzi.

Ijumaa moja msikitini akasujudu na wenzake. Kuinamisha kichwa tu, kitu kikapasuka kifuani kama jipu, usaha ukamtoka mdomoni na puani, mkekani. Barka, aliyekuwa pembeni yake, alimrudisha nyumbani ameziba pua kwa kilemba.

"Bi Kadija, mshike mumeo. Mla kitunguu kibichi haingii msikitini, sembuse huyu. Adhana ntatoa mimi."

Shekhan akalia. Hata mamake alipokufa hakulia.

Kadija akampeleka Lamu kwa daktari. Daktari akachungulia ule mdomo, akarudi nyuma.

"Jipu la pafu hili. Walevi hulipata, wenye kifafa, na wanaopaliwa kama wewe. Ukilala, uchafu wa meno unashuka kifuani. Kule kuinama ndiko kumekusaidia kuutoa usaha; uinamishwe kila siku. Meno mabovu yatoke, tambuu basi."

Yaling'olewa tisa. Miezi miwili, asubuhi na jioni, Kadija alimwinamisha ukingoni mwa kitanda akimpigapiga mgongo.

"Kitwa tini," akamsukuma kichwa chini.

"Polepole, mke wangu."

"Tema. Usinisemeshe na mdomo huo."

Homa ikakatika, makohozi yakakauka. Siku ya kurudi kuadhini, Kadija alimsindikiza mpaka karibu na msikiti. Barka amesimama mlangoni.

"Pumua."

Shekhan akampumulia usoni. Barka akanusa, akanusa tena.

"Haya. Lakini leo adhini hapo nje kisimani, tukuone kwanza."

Akaadhini hapo hapo, kwa mapengo, sauti inapiga mluzi. Kadija, amesimama njiani, akaitikia neno kwa neno.