Godoro Lililolowa la Fisksätra

Tangu vuli Concessa alikuwa akiiambia kampuni iliyompangisha nyumba hapa Fisksätra, Uswidi: dari ya chumba cha binti yake, Tania, ina doa la maji, na doa linakua. Anton, msimamizi wa majengo, alikuja mara moja, akatazama juu bila kuvua viatu.

"Mnapika sana nyie," alisema. "Huo ni mvuke wa sufuria zenu."

Concessa, Mrundi ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee, alinyamaza siku ile. Alijutia kunyamaza.

Januari upepo wa baridi kali ulipita juu ya bahari ambayo ilikuwa bado haijaganda, ukazoa unyevu na kuumwaga kama theluji juu ya mji wote wa Nacka, Fisksätra ikiwemo. Waswidi huita hali hiyo mzinga wa theluji, kana kwamba bahari inaifyatua. Theluji ilirundikana juu ya paa, na hakuna aliyetumwa kuiondoa. Jua lilipochomoza ikaanza kuyeyuka, lakini mifereji ya paa ilikuwa imezibwa na barafu, maji yakapenya ndani. Jumapili asubuhi, Tania akiwa bafuni anapiga mswaki, dari ikaporomoka juu ya kitanda chake.

Concessa alipiga simu ya dharura ya kampuni ya nyumba.

"Kuna aliyeumia?" sauti iliuliza.

"Hapana."

"Basi subirini kesho."

"Kwa hiyo mlitaka aumie kwanza?" Simu ilikuwa imeshakatwa.

Kesho yake hakusubiri mtu. Yeye na jirani yake Lameck, Mtanzania, waliteremsha godoro la Tania lililolowa, wakaliburuta kwenye theluji hadi ofisini.

"Mamma, snälla!" Tania alimsihi kwa Kiswidi: mama, tafadhali. Watu walikuwa wanawatazama.

"Waache watazame."

Akalibwaga mbele ya meza ya Anton. Maji machafu yakatiririka hadi kwenye viatu vyake.

"Haya, nionyeshe mvuke!"

"Huwezi kuacha kitu hiki hapa," Anton alisema, uso umemwiva.

"Na mimi nilikwambia maji yale hayawezi kukaa kwangu!"

Mkuu wa Anton, Felicia, akatoka ndani kwa ile kelele. Alipanda mwenyewe kwenda kuona dari, akashuka na kuwaita mafundi. Mchana ule walikuwa juu ya paa wakiondoa theluji kwa makoleo, na jioni Concessa na Tania wakapewa nyumba nyingine ya kukaa kwa muda.

Wiki iliyofuata Anton alimkuta Concessa kwenye chumba cha kufulia cha wapangaji wote, akamsalimu kana kwamba hakuna kilichotokea. Concessa akamgeuzia mgongo.

"Dada, si wanatengeneza?" Lameck alimwuliza baadaye. "Achana naye."

"Wanatengeneza nyumba yao," Concessa alisema. "Mimi hajaniomba radhi."