Afisa Aliyeombewa na Jumuiya

Mimi napenda tamthilia za upelelezi kupita kiasi, na sioni haya kusema. Lakini msimu mpya wa ile ya polisi tuliungoja nyumba nzima, kwa sababu ya mama. Msimu uliopita ulikwisha inspekta wa kike akipigwa risasi ndani ya ghala la saruji, akaanguka, na hapo hapo wakatukatia. Wiki hiyo hiyo mama alienda kwenye jumuiya yetu ya kanisa hapa Kitengela, akawasihi kina mama wamwombee binti mmoja afisa, aliyeumia kazini. Wakafunga siku nzima. Mmoja akauliza yuko wodi gani ampelekee uji.

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Mama hakucheka. Dada yangu naye ni polisi, yuko huko kaskazini kwenye hatari, na mama alikuwa hajawahi kumtaja mbele ya jumuiya hata mara moja. Aliogopa kwamba kumtaja ni kumwitia balaa.

Jioni ya kipindi cha kwanza upepo ulikuwa unapiga mabati, nami nikawa naomba stima isipotee. Mama aliacha muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, yakichemka jikoni, akaketi ukingoni mwa kiti.

Walivyoanza, sikuamini macho yangu. Hakukuwa na muziki. Kitanda, pazia, na mlio wa mashine tu. Kamera ilikaa usoni mwa yule mwigizaji hadi nikasahau kupumua. Hakusema neno, hakufumbua macho, na bado nilimwona akipigana. Nimetazama tamthilia tangu utotoni na sijawahi kuona mtu akiigiza vile bila kufanya lolote. Tena ni watu wa hapa hapa kwetu, wananunua sukuma wiki kama sisi, wametengeneza kitu kile. 

Kisha mama wa inspekta akaingia na chupa ya uji. Akainama, akamwita binti yake kwa jina. Akarudia, tena na tena, bila kupandisha sauti. Kidole cha inspekta kikasogea.

Mama yangu alijifunika uso kwa leso. Muthokoi uliungua na hakuna aliyeinuka.

Kwenye jumuiya iliyofuata alisimama wakati wa ushuhuda. "Yule afisa wenu amepona," akasema. "Lakini ni wa TV. Mnisamehe."

Kina mama waliangua kicheko, na mwenye uji alicheka kuliko wote. Mama alingoja wanyamaze. Kisha akalitaja jina la dada yangu lote, la ubatizo na la Kikamba.

"Na huyo yuko wodi gani?" mwenye uji akauliza, bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Hayuko wodi," mama akasema. "Huyu ni wangu, na ako mzima. Mniombee akae hivyo."