Mbeba Kipaza Sauti

Kila Jumamosi alasiri, kwenye mihadhara ya sayansi katika ukumbi wa manispaa, yeye ndiye hupeleka kipaza sauti kwa mwenye swali. Hunyata kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kabla ya kukikabidhi hukifuta kwa leso, na muulizaji akianza kuhutubia badala ya kuuliza, hukivuta taratibu huku akitabasamu, mpaka maneno yaishie hewani. Mwenyewe hakuwahi kukitumia kusema hata "haloo".

Juzi daktari mmoja, mtaalamu wa wadudu, alimaliza kuzungumzia mbu, akaomba maswali. Mbeba kipaza akazunguka safu zote, hakuona mkono. Akasimama katikati, akakifuta, akakisogeza mdomoni mwake.

"Dokta, samahani. Mimi na mke wangu tunalala kitanda kimoja, lakini mbu wanamuuma yeye tu. Anasema nimekula njama nao. Mwaka wa nne huu."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Huna kosa, baba," daktari akasema. "Wanafuata harufu ya ngozi, na kila mtu ana yake."

Mbeba kipaza akachomoa simu mfukoni. "Rudia hapo, dokta, nirekodi. Nikimwambia mimi hataniamini."

Daktari akarudia, neno kwa neno. Naye akakifuta kipaza mara mbili, akaenda kumtafuta mwenye swali.