Siku Wakwe Walipoliombea Kava la Santuri

Kuna aibu mtu anazisimulia huku anacheka na kuna zile anazisimulia akiwa ameangalia pembeni, na hii yangu niliamua kufa nayo kimya kimya, ila Shinyanga ni mji mdogo jamani, wiki iliyopita nimekaa kwa kinyozi nikaisikia inasimuliwa na mtu nisiyemjua, tena imeongezwa chumvi (eti niliwapigisha wakwe magoti, uongo mtupu, walisimama), nikaona heri niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa, mkinicheka mnicheke kwa haki.

Kwa wasionijua, naitwa Maduhu, fundi wa redio na spika hapa Kambarage. Ni mtu mpole. Naongea polepole, mteja akinifokea namsubiri amalize, na mchumba wangu Kabula huwa anasema nikiungua moto nitaomba samahani kwanza ndipo nipige ukunga. Sasa mtu mpole kama mimi ana ugonjwa mmoja tu, nao ni panki, ile rock chafu ya zamani ambayo vijana wa ng'ambo walikuwa wakiipigia kwenye mabanda ya kuegeshea magari, gitaa mbili, ngoma, spika imepasuka, hakuna anayejua kupiga sawasawa na hakuna anayejali. Ugonjwa huu niliurithi. Marehemu baba alikuwa mtunza bustani Mwadui, kwenye nyumba za mabwana wa mgodi, na mmoja wao alipohama aliacha boksi zima la santuri nyuma ya nyumba, baba akaliona linanyeshewa mvua akalibeba kichwani mpaka nyumbani. Wenzangu walikua na dansi na bolingo, mimi nikakua na makelele ya watu ambao hata kwao hawakusikilizwa.

Na katika boksi lile kuna moja ndiyo kipenzi changu. Jina la bendi limeliwa na mchwa, limebaki herufi tatu, na nimetafuta mtandaoni miaka yote sijaona anayeitaja, nadhani walitoa albamu hiyo moja, haikununuliwa, wakarudi kwenye kazi zao. Anayeimba ni mwanamke mweusi kama sisi, ana mwanya, suruali ya kubana, gitaa ameliweka juu tumboni kama aliyebeba mtoto, na kwenye picha ya kava mdomo uko wazi kabisa mpaka unaona meno ya nyuma. Yule mama haimbi vizuri, niseme ukweli. Anaimba kama mtu aliyeambiwa anyamaze siku nyingi halafu siku hiyo akakataa. Mimi nisiyeweza kumfokea hata kuku nikimsikia natulia moyo. Basi kava lile nikalitengenezea fremu ya kioo, nikalitundika katikati ya ukuta wa sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili wanaweka picha ya wazazi.

Picha ya shangazi niliitundika pia, msinihukumu mapema. Shangazi Milembe ni dada yake baba, ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyeponda mawe ya dhahabu Nyarugusu kwa nyundo ili mimi nisome ufundi, na siku hizi ana karasha yake mwenyewe, ile mashine ya kusaga mawe, na watu wanamsikiliza. Picha yake ndogo niliiweka karibu na mlango, juu ya swichi ya taa. Kalenda ilikuwa imemfunika sikio moja.

Sasa Jumamosi hiyo wanakuja wakwe kuona nyumba. Kabula alilelewa na baba yake mkubwa, Mzee Luhende, mzee wa kanisa, na mkewe Mama Neema, kiongozi wa kwaya, na kwa kawaida mkwe wa kike haji kwa mkwewe upesi namna ile, lakini Mama Neema alisema hamtoi binti aliyemlea kwenda chini ya bati asilolijua. Mshenga wangu, Mzee Kulwa, rafiki wa baba, aliniuliza, "Shangazi umemwita?" Nikamwambia shangazi ana kazi nyingi. Ukweli niliogopa mdomo wake. Shangazi anaongea kama bado yuko kwenye karasha, anavuta sigara, na akimpenda mtu anampiga kibao cha mgongo. Nikajiambia atakuja siku ya harusi, watu watakuwa wengi, hataonekana sana. Mzee Kulwa akaniangalia, akachukua kofia yake akaondoka.

Saa nne wakafika, mshenga hajafika. Nikawakaribisha, soda, karanga, mambo yakaenda. Sasa mnajua kwetu Wasukuma mkwe wa kike humtazami usoni, humpi mkono, naye hakutazami. Kwa hiyo Mama Neema alikaa kiubavu akaelekea ukutani, mimi nikakaa kiubavu nikaelekea kapeti, Mzee Luhende akabaki katikati kama refa. Kapeti langu nalijua sasa, lina maua kumi na manne na moja limeungua na pasi.

Mama Neema, akiwa anauongelesha ukuta, akauliza, "Huyu mama ni nani?"

Mimi macho kwenye kapeti hapo. Sikuona kidole chake kinaonyesha wapi. Nikawaza, mtu mzima akiuliza picha ukutani anauliza picha ya ndugu, nikajibu kwa heshima zote, "Ni shangazi yangu, mama. Ndiye aliyenilea."

Nikasikia kiti kinasogea. Nikainua macho kidogo, nikamwona Mzee Luhende amesimama, amevua kofia, ameinamisha kichwa mbele ya kava la santuri.

Hapo ndipo pa kusema. Ningesema tu, "Samahani baba, huyo siye, shangazi ni yule wa kwenye swichi," tungecheka yakaisha. Lakini nikapiga hesabu zangu za kipumbavu: nikisema hivyo nimemwambia mama mkwe amekosea, nimekiri picha kubwa ya nyumba ni ya mwanamke nisiyemjua aliyevaa suruali ya kubana, na nimeonyesha shangazi nilipomweka. Nikatazama ua la saba.

"Anaimba?" Mama Neema akauliza, na sauti ilikuwa imelainika, maana ameona gitaa.

"Anaimba, mama." (Huo sasa ndio uongo, ule wa kwanza ulikuwa bahati mbaya.)

"Kwaya gani?"

"Ya... ya vijana."

"Na mashine ya santuri hii hapa," Mzee Luhende akasema kwa furaha. "Hebu tumsikie shangazi."

Nikajifariji moyoni kwamba upande wa pili kuna wimbo mmoja wa taratibu, karibu kama wimbo wa kulaza mtoto, nikiupata huo nimepona. Kwa haraka nikaiweka santuri upande usio wenyewe, sindano ikatua katikati ya wimbo wa tatu, ule ambao hata mimi huwa nausikiliza mlango ukiwa umefungwa. Gitaa likaingia kama bati linaburutwa kwenye lami. Ngoma zikafuata, zimepishana nalo. Kisha yule mama akafungua mdomo.

Wakwe zangu ni watu wa adabu. Hawakuziba masikio. Walikaa wima, mikono mapajani, wakasikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisa, na yule mama akapiga kelele, akapumua, akapiga tena. Mama Neema ndiye aliyesema, polepole sana:

"Ana mateso gani huyu?"

"Amesumbuliwa muda mrefu?" Mzee Luhende akauliza.

Mimi nikasema, "Kidogo." Kidogo! Mtu mzima na ndevu zangu.

"Mzigo kama huu hauachwi hivi hivi," Mama Neema akasema, akasimama, mumewe akasimama, nami ningekaaje. Nikataka kuzima mashine, mzee akanizuia kwa mkono, "Acha, acha alie, Mungu amsikie." Tukafumba macho mbele ya kava. Mzee akaomba. Akaomba kwa Kiswahili, akahamia Kisukuma alipokolea, akamwombea shangazi yangu afunguliwe kifua, apate usingizi, roho ya kupiga kelele imtoke, na kila akitulia kuvuta pumzi, yule mama anajibu kutoka kwenye spika. Nami nilikuwa naitikia amina. Kwa sauti.

Sikusikia hodi. Nilichosikia ni sauti ninayoijua kuliko yangu, nyuma yangu, mlangoni.

"Mnamwombea nani hapa?"

Mzee Luhende, macho amefumba, akajibu bila kukatisha maombi, "Shangazi wa bwana harusi."

"Mimi hapa. Nina nini?"

Nikageuka. Mzee Kulwa amesimama na kofia mkononi, na mbele yake Shangazi Milembe, kitenge kipya, vumbi la Nyarugusu bado kwenye nyusi. Mshenga alikuwa amekwenda kumchukua mwenyewe, kwa sababu yeye anajua kitu nilichojifanya nimesahau, kwamba shangazi ni baba wa kike, na mtu haoi akiwa amemficha baba.

Wimbo ukaisha. Ikabaki sindano inakwaruza.

Shangazi akawapa wakwe salamu zao vizuri, mwangaluka, habari za safari, halafu akaanza kuuzunguka ukuta kwa macho. Akalifikia kava. Akaendelea. Akajikuta kwenye swichi. Akainua kalenda kwa kidole kimoja, akalitazama sikio lake, akaishusha.

"Bebe Maduhu," akaniita, yaani wewe kwa Kisukuma, "huyu mwenzangu wa katikati ni nani?"

Nikasema yote. Mara ya kwanza maishani nikaeleza panki mbele ya watu wazima: boksi la Mwadui, mvua, mchwa, kwamba huyo mama alitoa albamu moja watu wakampita, kwamba simjui jina, kwamba nikimsikia napata nguvu ambazo mwenyewe sina. Nikakiri na la kunyamaza.

"Sasa ona," shangazi akasema, na hakupaza sauti, ndipo nikajua nimemuumiza. "Huyu hakujui na amekaa katikati. Mimi nimekufuta makamasi nimekaa kwenye swichi. Anapiga kelele, mimi napiga kelele. Yeye unamtengenezea kioo. Mimi nikipiga simu unasema uko kazini, na nyuma yako namsikia yeye."

Nikafanya lile nililotakiwa kufanya tangu alipoingia, nikainama, nikasema, "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia.

Nikabaki nimeinama. Mnajua shikamoo isiyojibiwa inavyokuwa, hujui uinuke au ukae. Nikarudia. Shangazi akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Marahaba yako iko Nyarugusu. Uifuate huko."

Mzee Luhende akavaa kofia yake. "Basi na sisi tutaisubiri hiyo marahaba," akasema bila hasira. "Bila shangazi hatuna wa kuongea naye habari ya binti."

"Na maombi yetu?" Mama Neema akauuliza ukuta.

"Maombi hayarudi. Mungu anajua pa kuyapeleka," mumewe akamjibu.

Wakaondoka. Jioni Kabula akanipigia, sikujua kama analia au anacheka, nadhani vyote viwili, "Maduhu, yaani umewaombesha wazazi wangu kwa santuri? Nenda Nyarugusu. Usiponiletea hiyo marahaba, mimi sina la kuwaambia nyumbani."

Jumatatu nikaenda. Nilimkuta kwenye karasha, mashine inanguruma, vumbi limewafanya watu wote rangi moja, na wachimbaji wamekaa kwenye viroba wanasubiri mawe yao yasagwe. Nikasimama mbele yake nikasema shikamoo kwa sauti yangu hii ya kifundi. Akaonyesha sikio, hasikii. Nikarudia kwa nguvu kidogo. Akaonyesha sikio. Wachimbaji wakaanza kutazama, mmoja akasema, "Ngosha, ongeza volyumu." Nikamfikiria Kabula, nikamfikiria shangazi na nyundo yake miaka ile, nikafungua mdomo mpaka nadhani meno ya nyuma yalionekana, na kijana wa injini, kwa jinsi nilivyobadilika sura, akadhani kuna mtu kanaswa na mkanda wa mashine, akaizima ghafla. Kwa hiyo Nyarugusu nzima ikasikia, kwenye ukimya:

"SHIKAMOO SHANGAZI, NIMEKOSA, NISAMEHE!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashuka kwenye viroba. Shangazi alijifuta vumbi usoni taratibu kwa ncha ya kanga, akanitazama, macho yana maji.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kumbe sauti unayo. Ulikuwa unamtunzia nani?" Akanipiga kibao cha mgongo, kikanifikisha karibu na mawe.

Jioni ile ile aliwapigia wakwe mwenyewe, na siku ya ndoa sasa imepangwa baada ya mavuno. Mimi nimejiapiza. Mkwe akiniuliza kitu, naomba ruhusa ninyanyue kichwa nione anachoonyesha, kama ni utovu wa adabu nitatozwa faini, nitalipa. Na shangazi akipiga simu, hata kama santuri imefika pale ninapopapenda kuliko pote, nainua sindano.